Gari Lenye Mlango wa Kijani

"Mama Kutu, hebu njoo uone nilichookota," Lonnie Bastien alisema, na kabla hajajibiwa akawa ameshaigeuza skrini yake.

Odile Charron hakuinuka. Kwenye skrini yake alikuwa anapaka kutu kwenye ukingo wa gurudumu la pikapu ya mkulima, na kutu ukiiacha nusu inaonekana kama supu iliyomwagika. Akamaliza ukingo, akaongeza tope kidogo chini ya mlango, akahifadhi kazi yake. Ndipo akajisukuma na kiti chake mpaka kwenye meza ya Lonnie.

Kwenye skrini kulikuwa na gari dogo la zambarau lenye rimu za dhahabu. Lilikuwa linazunguka polepole chini ya taa za gereji, kama mtu anayejaribisha nguo mpya mbele ya kioo.

"Nimelikuta nyuma ya soko la samaki," Lonnie alisema. "Huu mji wa gemu nimeuzunguka mwaka mzima, sijawahi kukutana nalo. Ungeliona lilivyokuwa, mama. Mlango mmoja kijani, taa ya nyuma imefungwa utepe, gurudumu moja halina kifuniko. Linatia huruma. Nikasema hii ni zawadi, kuna mtu ameificha humu ili sisi tuitafute."

"Ukafanyaje?"

"Nikalipeleka gereji moja kwa moja. Lilikuwa na aibu, sasa linatamba."

"Na mlango?"

"Mlango nao zambarau. Nani anaacha mlango wa kijani?"

Odile aliliangalia gari likizunguka mara moja nzima. Uso wake haukubadilika, lakini ule haukuwa uso wa kubadilikabadilika hata siku za furaha.

"Umeandika ripoti?"

"Nimeshamtumia bosi, Gurdeep. Namba zake za usajili si zile za kubuni tunazopewa. Samahani kama ni lako, lakini ndicho ninacholipwa."

"Ni langu," Odile alisema, akarudi kwenye meza yake.

Lonnie alilipwa kucheza gemu kutwa nzima akitafuta kasoro. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu za kijivu, na kabla ya hapo alikuwa akifunga viti kwenye kiwanda cha magari kule ng'ambo ya reli, mpaka kilipopunguza watu. Nusu ya mji wao wa Windsor ilikuwa na habari ya namna hiyo. Odile mwenyewe alikuwa binti wa mtu aliyetundika milango ya magari hadi mabega yakagoma. Alisomea sanaa ya kompyuta chuoni akiwa na mtoto mgongoni, akapata kazi, akaishikilia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuyazeesha magari. Gemu ilikuwa na mji mzima wa kubuni kando ya ziwa, pamoja na mashamba yake, na mchezaji aliruhusiwa kwenda popote na kuendesha chochote. Wengine walichora maumbo ya magari, yakatoka laini kama sabuni mpya. Maumbo yalikuwa machache, na mtu akisimama kwenye njia panda akaona magari manne yanayofanana, uongo wote unaanguka. Hapo ndipo Odile aliingia. Hili alilitia mchubuko wa maegesho, lile taa zilizoingia ukungu, jingine stika ya mgombea aliyeshindwa zamani. Boneti ya rangi tofauti. Kiti cha mtoto. Kamba inayoshikilia bampa. Gari lilipotoka mikononi mwake lilikuwa na mwenyewe, hata kama mwenyewe hayupo.

Lile dogo lilikuwa la Corinne.

Corinne, binti yake wa pekee, alitoka nyumbani Novemba ya mwaka juzi, saa za asubuhi, kwenda zamu yake kwenye nyumba ya wazee katika mji wa Chatham. Hakufika. Gari nalo halikufika. Walitafuta mitaro, mito, nyuma ya maghala, maegesho ya maduka makubwa. Hakuna kilichopatikana, hata kipande cha bampa. Tangazo lilisema: gari dogo, rangi ya fedha. Katika jimbo la Ontario hiyo ni sawa na kusema mtu aliyevaa koti jeusi. Picha iliyowekwa ilikuwa ya gari la aina hiyo likiwa jipya dukani, linang'aa, kwa sababu picha za gari lenyewe hazikuwepo. Hakuna anayepiga picha gari lake bovu. Kwenye simu ya Odile zilikuwepo picha za Corinne na keki, Corinne na paka, Corinne amelala kwenye sofa mdomo wazi. Za gari, hata moja.

Kwa hiyo alilitengeneza. Alilichonga kwa kumbukumbu, miezi mingi, saa za mapumziko ya mchana huku anakula sandwichi kwa mkono mmoja. Mlango wa kijani walioununua kwa muuza vyuma chakavu baada ya kulungu kuubomoa ule wa mwanzo. Utepe mwekundu kwenye taa ya nyuma. Lengelenge la kutu juu ya gurudumu la nyuma kushoto, kubwa kama kiganja. Stika ya redio iliyobanduka nusu, ikabaki gundi na herufi mbili. Na namba zake, zile za kweli. Kisha akaliingiza kwenye kundi la magari adimu, lionekane mara chache, na likionekana lishtue.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Watu wengi sana wangecheza gemu hii, na wengi wao wangekuwa vijana wa huko huko: watoto wa wakulima, madereva wa malori, mafundi, watu wanaopita nyuma ya maghala. Mmoja wao awe ameliona gari lile mahali. Aseme, hili nalijua.

Sasa aliketi akitazama pikapu ya mkulima bila kuigusa, akawaza juu ya ile zambarau.

Gurdeep Sahota alimwita baada ya chakula cha mchana. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha magari, mdogo kwa Odile kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kupanga kalamu zake kila alipokuwa na jambo gumu la kusema. Leo zilikuwa zimepangwa zote. Mlango ulipofungwa akageuza skrini yake. Alikuwa ameliondoa gari zambarau na dhahabu, akalirudisha lilivyokuwa. Lilisimama pale katikati ya weupe mtupu wa skrini, na mlango wake wa kijani.

"Odile, hizi namba ni za kweli?"

"Ni za kweli."

"Ni lake."

"Ni lake."

Ile wiki ya Novemba Gurdeep alikuja na mama yake nyumbani kwa Odile, wakaleta dengu na mikate iliyofungwa kwenye kitambaa, na yule mama, ambaye hakujua Kiingereza wala Kifaransa, aliosha vyombo vyote vilivyokuwa kwenye sinki kisha akaketi kimya mpaka jioni. Kati ya wote waliokuja, huyo ndiye Odile alimkumbuka kwa shukrani.

"Namba lazima zitoke," Gurdeep alisema. "Hapo sina la kufanya. Namba ya kweli ya mtu wa kweli, wakubwa wakiiona, wanasheria wataliondoa gari zima na wewe pamoja nalo."

"Namba chukua. Watu hawakariri namba. Hilo nililijua."

"Sasa uliziweka za nini?"

"Kwa sababu ndizo zake."

Akakubali kwa kichwa. "Gari lenyewe naweza kuliacha. Ni gari bovu tu, hakuna sheria inayokataza gari bovu."

"Likiachwa hivi halina maana. Lonnie amelipata leo, ameshalipaka rangi."

"Lonnie ni Lonnie."

"Lonnie ni kila mtu. Mchezaji akipata gari la peke yake, kitu cha kwanza ni kulibadilisha, lifanane naye. Gemu zetu zimewauzia watu rimu na rangi miaka yote hii, nawajua. Funga rangi yake. Liwe gari lisilopakika."

"Kufunga rangi ya gari moja ni ombi linalopanda juu. Watauliza kwa nini hili. Nitawaambia nini?"

"Basi liweke kwenye magari ya kawaida. Lijae barabarani."

"Unajua kinachotokea huko."

Alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba kiwe hivyo. Magari ya kawaida yalipitia kwenye kichanganyio: programu ilichukua mlango huku, kutu kule, stika pengine, ikavigawa upya ili yasitokee mapacha barabarani. Gari la Corinne likiingia humo, mlango wa kijani ungekwenda kwenye teksi, utepe mwekundu kwenye gari la mkate, lengelenge la kutu kwa mtu mwingine kabisa. Mji mzima ungebeba vipande vyake, na pasipatikane hata gari moja lililo lake.

Nje, theluji iliyochafuka ilikuwa imerundikwa pembezoni mwa maegesho, na magari yote ya wafanyakazi yalikuwa meupe kwa chumvi ya barabarani hadi kwenye vioo. Ungeambiwa uchague la fedha, usingejua uanzie wapi.

"Magari mafu hayaendi gereji," Odile alisema.

Gurdeep aliishika kalamu moja, akaitoa kwenye mstari.

Magari mafu ndiyo waliyoyaita yale yaliyotelekezwa: mapambo ya kando ya barabara na nyuma ya mabanda, magurudumu yamekaa chini, majani yameota ndani. Mchezaji hawezi kuyaingia, kuyaendesha wala kuyapaka rangi. Yapo tu, kama mawe. Na hayachanganywi, kwa sababu kila moja huwekwa kwa mkono mahali pake.

"Sikutaka kulisema hilo," Gurdeep alisema.

"Nimelisema mimi."

"Odile, dada yangu. Ukilifanya gari fu, utalazimika kuli—"

"Najua kazi yangu."

"Ijumaa tunaifunga gemu. Baada ya hapo hakuna anayegusa kitu."

"Leo linaisha," alisema, akaamka.

Alianza na magurudumu kwa sababu ndiyo rahisi. Akayatoa upepo, gari likakaa chini kwa upande mmoja. Kisha namba: akazing'oa, yakabaki matundu mawili ya skrubu, na chini yake rangi safi ambayo jua halikuifikia. Mpaka hapo mkono wake ulikwenda vizuri.

Ugumu ulikuja kwenye kutu. Lile lengelenge juu ya gurudumu alikuwa amelichora kama lilivyokuwa asubuhi ile ya Novemba, limevimba lakini halijapasuka. Sasa ilibidi aongeze muda, na muda alikuwa na uzoefu nao kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile. Majira ya kwanza ya baridi, maji huingia nyuma ya rangi na kuganda. Ya pili, bati linatoboka. Akalipasua lengelenge, akatengeneza tundu lenye kingo za kahawia, na ndani ya tundu akaweka giza. Akaufifisha utepe mwekundu wa taa ukawa wa waridi. Akakivunja kioo cha nyuma, maana gari likikaa muda mrefu hapakosi mtu wa kulirushia jiwe. Akaweka kuvu ya kijani kwenye mipira ya madirisha. Mlango wa kijani aliuacha na nguvu zake, ulitoka kwenye gari jipya zaidi, ungechelewa kuoza.

Miezi yote ile alikuwa akilitunza gari lile likiwa vile vile. Kila akilifungua lilikuwa asubuhi ile, injini ingali ya moto. Hakuwa amejiuliza hata siku moja linafananaje sasa, popote lilipo. Alikuwa amejinyima swali hilo kama mtu anavyojinyima sigara. Sasa jibu lilikuwa mbele yake, na alikuwa amelichora vizuri. Hiyo ndiyo shida ya kuijua kazi.

Viti aliviacha vitupu. Kwa kawaida magari mafu yalitupiwa takataka ndani, chupa, magazeti, blanketi la mlevi. Alifungua sanduku la takataka, akatazama, akalifunga.

Lonnie alikuja na vikombe viwili vya kahawa, kimoja akaweka mbele yake. "Bado una hasira na mimi kwa ajili ya ile ripoti? Nimekuletea ya krimu mbili, ndiyo namna yangu ya kuomba radhi—"

Akaona skrini. Mlango wa kijani ulikuwa umejaa katikati yake. Alisimama akiwa ameshika kikombe chake, na Odile akajua kwamba anayaweka mambo pamoja: namba zisizo za kubuni, mlango, utepe, kile ambacho kila mtu ofisini alikijua na hakuna aliyekitaja.

"Odile," alisema. Hakumwita Mama Kutu. "Hili ni la msichana wako."

"Ndiyo."

"Nami nimelipaka zambarau."

"Umelipaka."

"Rimu za dhahabu." Akakaa kwenye ukingo wa meza. "Ungeniambia, jamani. Kweli ningeligusa?"

"Ndiyo maana sikukuambia. Ningekuambia ungelitazama kwa adabu. Watakaonunua hii gemu hawana adabu, Lonnie. Nilitaka alipate mtu asiyejua, nione atafanya nini. Nimeona. Kunywa kahawa yako."

Hakuinywa. "Unaliweka wapi?"

Akamwonyesha kwenye ramani. Barabara ya kutoka mjini kwenda mashambani, kabla ya daraja, pale ambapo hadithi ya gemu humlazimisha kila mchezaji kupita. Upande mmoja mahindi, upande mwingine mtaro, na nguzo za umeme. Ofisini waliiita barabara ya mahindi. Hakuna aliyesema kwamba ilichorwa kwa kuangalia ile ya kwenda Chatham, na hakukuwa na haja ya kusema.

Odile alilishusha gari kwenye majani, ukingoni mwa mahindi, upande wa kulia wa barabara, likiwa limeelekea mashambani kama lilivyokuwa likienda asubuhi ile. Lonnie alikwenda kwenye meza yake, akachukua lori ndani ya gemu, akapita.

"Sijaliona," alisema.

"Ulikuwa unakwenda kasi."

"Nimekwenda kama wanavyokwenda. Nimeona gari bovu la fedha, basi, nikapita. Mlango wako uko upande wa mahindi. Kuna nani kwenye mahindi wa kuuona?"

Alisema kweli. Usukani ulikuwa kushoto, upande wa barabara. Mlango wa kijani ulikuwa wa abiria, kulia, na sasa ulitazama shamba. Kutoka barabarani kilichoonekana kilikuwa ubavu wa fedha kama wa gari lolote la Ontario.

"Ligeuze," Lonnie alisema. "Litazame huku, mlango uje barabarani."

Odile aliweka mkono kwenye kipanya. Kuligeuza ilikuwa kazi ya mguso mmoja. Lakini gari lililogeuka lingekuwa limeelekea mjini. Mtu yeyote akipita angeona gari lililokuwa linarudi nyumbani, likaishia hapo kabla ya daraja.

Lonnie naye alikiona hicho alipokwisha kusema. "Au usiligeuze," aliongeza haraka. "Acha. Weka bango, weka kitu kingine—"

"Bango wachezaji wanalipiga risasi," Odile alisema, akaligeuza.

Gari likatazama mjini. Mlango wa kijani ukajitokeza juu ya majani, unaonekana kuanzia mbali, kitu kimoja chenye rangi kwenye barabara nzima.

Likabaki jambo moja. Programu ya magari mafu haikubali kumaliza mpaka uchague hali ya kila mlango: umefungwa, umefunguka, haupo. Wa kijani ufungwe, ili uonekane wote. Ya nyuma ifungwe. Ukabaki wa dereva, uliokuwa sasa upande wa shamba, mahali ambapo hakuna anayepita kwa gari angeweza kuuona.

Gurdeep alikuwa ametoka ofisini kwake, amesimama nyuma ya kiti cha Odile kwa umbali kidogo.

Mlango uliofungwa ulikuwa na maana yake: hakuna aliyetoka. Mlango usiokuwepo ulikuwa na maana yake pia, mbaya kuliko hiyo. Odile alikaa na mkono juu ya kipanya muda ambao hakuna hata mmoja wa wale wanaume aliyejaribu kuupima. Kisha akachagua hali ya kati. Mlango wa dereva ukafunguka hadi mwisho, bawaba zikiwa na kutu, na akaingia kwenye majani ya upande ule, akayalaza kidogo kwa brashi nyembamba, kidogo tu, kama yaliyokanyagwa na mtu mmoja, kuelekea kwenye mahindi.

"Pita sasa," alimwambia Lonnie.

Lonnie aliliwasha lori, akaja kutoka mjini, kwa kasi ya kawaida. Mlango wa kijani ukatokea, ukakua. Akafunga breki. Lori likaburuzika, likasimama katikati ya barabara na taa zake zikawaka nyuma. Akamshusha dereva, mtu wa gemu asiye na jina, mwenye koti la manjano, akamtembeza kwa miguu kuvuka majani, akapita mbele ya boneti hadi upande wa pili.

Pale akamsimamisha, kando ya mlango uliokuwa wazi. Lonnie aliondoa mikono yake kwenye vitufe. Yule mtu, kama walivyotengenezwa kufanya wakiachwa bila amri, alihamisha uzito wake toka mguu huu hadi ule, akageuza kichwa polepole, akatazama mahindi yakiyumba.